Shajara ya Z: injini ya Patrol kabla haijaingia kwenye gari (Mbeya, Juni hadi Agosti)

Jumamosi, 7 Juni

Injini imefika. Imeletwa na Canter iliyokuwa inarudi tupu kutoka Makambako, imelazwa juu ya matairi mawili, giaboksi bado ipo mgongoni. Dereva kanidai elfu ishirini za ziada kwa kuwa oili imemchuruzikia kwenye bodi. Nikampa bila ubishi. Oili kuchuruzika ni habari njema, maana yake ilikuwemo.

Kwa kumbukumbu tu: gari ni Datsun 240Z ya 1972, usukani kulia. Lilimkuta baba mkubwa Mbozi enzi kahawa inalipa, likalala kwenye banda la kukoboa mpaka kuku wakawa wanatagia kwenye siti. Injini yake ya asili, L24, ilikufa kabla sijazaliwa: konrodi (mkono unaounga pistoni na krenki, mti mkuu wa injini) ilitoka ubavuni mwa bloku, ikaacha tundu unaloingiza ngumi. Wazee wa hapa bado wanaliita gari la Safari, na wana haki. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari kwa 240Z, na 1973 akashinda Shekhar Mehta, tena kwa kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. La baba mkubwa halikuwahi kushindana na chochote isipokuwa mabasi ya Tunduma, lakini hadithi inalinda bei.

Kilicholetwa leo ni L28, kutoka kwenye Patrol ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliyobeba viazi huko Njombe hadi bodi ikaoza. Ukoo ni ule ule wa L24: silinda sita mstari mmoja, kamshafti (mti unaofungua valvu) moja juu inayoendeshwa kwa cheni, mashimo ya maunti yale yale. Tofauti ni ujazo. L24 ina sentimita za ujazo 2393, hii ina 2753. Namba nimeisoma mwenyewe kwenye bloku, upande wa plagi, baada ya kukwangua tope kwa bisibisi. Usinunue injini ya mkononi kwa kuambiwa.

Fundi wangu kaitazama, kaipiga teke dogo la salamu, kasema, "Kaka, hii tunaosha, tunapiga rangi, Jumamosi ijayo inaingia." Nikacheka naye. Nimeshawahi kufunga injini kwa mtindo huo kwenye Corolla, na nilikuja kuitoa tena ndani ya miezi miwili.

Mama amepita mlangoni. "Hilo banda, mwanangu, mahindi yakikauka nalitaka."
"Sawa mama."
"Nimesema mapema."

Hakuna kuwasha leo. Nimetoa plagi zote sita, nikatia kila silinda mchanganyiko wa dizeli na oili, vijiko viwili vya chakula. Spana 27 kwenye boliti ya puli ya mbele imefunikwa gunia. Kesho tutajua kama inazunguka.

Jumapili, 8 Juni

Inazunguka. Ngumu robo mzunguko wa kwanza, halafu laini. Dizeli nyeusi imeruka kupitia tundu la plagi ikatua kwenye shati la kanisani. Mke wangu hajasema neno, na hilo ndilo baya zaidi.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ya kupima kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa. Starta ipo, betri nimeazima, kabureta imefunguliwa koo lote ili hewa isibanwe.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi wa kwetu wanalisahau kwa sababu vitabu viliandikiwa watu wa pwani. Kitabu cha L28 kinataka takriban psi 170 (psi ni kipimo cha mgandamizo) injini ikizungushwa kwa starta. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina kama asilimia 82 tu ya mgandamizo wa hewa ya Dar. Silinda haiwezi kukandamiza hewa ambayo haikuingia. Kwa hiyo injini nzima kabisa hapa itasoma karibu 140, si 170. Nimewahi kuona mtu wa Uyole akiuza injini nzuri kama chakavu kwa sababu ya hesabu hii.

Vipimo vya leo: silinda ya kwanza 131, ya pili 128, ya tatu 130, ya nne 88, ya tano 127, ya sita 129.

Tano zimechoka kidogo, moja ni mgonjwa. Nikatia kijiko cha chai cha oili kwenye ya pili, ikapanda hadi 140: ringi zimeanza kuchoka, oili imeziba pengo. Nikafanya hivyo hivyo kwenye ya nne, ikapanda hadi 92 tu. Huyo siyo mgonjwa wa ringi.

Fundi pancha wa jirani ana kompresa. Tulichukua plagi kuukuu, tukavunja kauri yake ya ndani, tukachomelea shina la valvu ya tairi juu yake. Hicho ndicho kifaa chetu cha kupulizia hewa. Pistoni ya nne tukaipandisha hadi juu kabisa, valvu zote mbili zimefungwa, mimi nimeshikilia spana kwa mikono miwili kwa sababu ukikosea hata kidogo hewa inaisukuma pistoni chini na spana inakuchapa. Dogo anayenisaidia akafungua hewa. Nikaweka kipande cha mpira wa maji sikioni na kukitembeza. Mdomo wa oili: kimya. Rejeta haipo, lakini tundu la maji: kimya. Kabureta: kimya. Tundu la ekzosi ya nne: ssssss, kama sufuria ya wali inayopumua chini ya mfuniko.

Valvu ya ekzosi. Hedi, kifuniko kinachobeba valvu juu ya silinda, inatoka, na ikishatoka hedi sioni sababu ya kutofungua yote.

Jumapili, 22 Juni

Tumefungua. Boliti za hedi tumelegeza kuanzia pembeni kuja katikati, kidogo kidogo, injini ikiwa baridi. Alumini ukiilegeza vibaya inajipinda ukiwa unaiangalia.

Trei za mayai. Kama kuna kitu kimoja nitamfundisha dogo akikumbuke, ni hicho. L28 ina valvu 12, roka 12 na vijikofia vya kukalia roka 12, na kila roka imeshalainishana na meno yake ya kamshafti kwa miaka arobaini. Ukizichanganya, kila moja inaanza kusaga mwenzake upya. Trei mbili za mayai, namba kwa kalamu ya wino, kila tundu na mwenyewe.

Dogo alitaka kufungua na vile vishikilio vitano vya kamshafti juu ya hedi. Nilimdaka mkono. Vile vilitobolewa kiwandani vikiwa vimefungwa mahali pake, mashimo yote matano kwa mstari mmoja. Ukivitoa na kuvirudisha, kamshafti inaweza kubana isizunguke tena, na hakuna karakana Mbeya ninayoijua itakayokurudishia mstari ule. Kamshafti tumeichomoa kwa nyuma, vishikilio vimebaki palepale.

Valvu ya ekzosi ya nne imeliwa ukingo, kipande cha ukubwa wa punje ya mchele. Kiti chake kina mkwaruzo lakini kitasagika.

Chini: nyumba saba za beringi kubwa za krenki, zote zina rangi ya kijivu safi. Beringi za konrodi si hivyo. Ya nne imelika hadi kuonyesha shaba. Aliyeiendesha gari hii alikuwa anaivuta kutoka chini kwa gia kubwa, mzigo umejaa, akipanda vilima vya Njombe kwa ubahili wa kubadilisha gia. Injini haifichi siri za dereva wake.

Jumamosi, 28 Juni

Kuosha. Siku nzima.

Nilidhani nitaandika mstari mmoja, lakini vizibo vya maji ubavuni mwa bloku vimenifanya nibadili mawazo. Tulivipiga vikageuka, tukavivuta kwa koleo, na nyuma ya kile kilichoko karibu na silinda ya tano na ya sita hapakuwa na nafasi ya maji. Palikuwa na udongo. Udongo mwekundu uliogandamana na kutu, mgumu kama tofali la kuchoma, umejaza kuanzia chini hadi zaidi ya nusu ya urefu wa silinda. Huu ndio utamaduni wetu wa kujaza rejeta kwa maji ya mtoni, kila yanapopungua. Silinda za nyuma zilikuwa zinapikwa bila mtu kujua, kwa sababu geji ya joto inapima mbele.

Spoku ya baiskeli, iliyopindwa ncha kama ndoano. Hiyo ndiyo silaha iliyofanya kazi. Unachokoa, unapuliza, unamwaga maji, unachokoa. Nimejaza ndoo ndogo. Dogo kauliza kama tupande bustani.

Njia za oili: vizibo vyake vyote nje, brashi ya kusafishia chupa za watoto (mpya, nimeinunua Mwanjelwa, isije ikaleta kesi nyumbani), dizeli, halafu hewa. Kwenye krenki pia, kila tundu. Tundu moja dogo lililoziba linatosha kurudisha kazi yote mwanzo.

Jumamosi, 5 Julai

Nimempelekea mzee wa Iyunga. Alikuwa fundi wa mashine kwa miaka mingi, sasa amestaafu, ana maikromita zake kwenye sanduku lenye kitambaa cha kijani na hamkabidhi mtu. Nimefika saa moja asubuhi, baridi ya Julai inauma vidole, yeye ameshakaa mlangoni na koti la sufi.

"Shikamoo mzee."
"Marahaba. Umeiosha?"
"Nimeiosha."
Kapitisha kidole ndani ya silinda, kakitazama, karidhika. "Basi tuanze."

Silinda mpya ya L28 ni milimita 86. Mzee alipima kila moja mara sita: juu, katikati, chini, kwa urefu na kwa upana. Mbaya kuliko zote ni ya sita, 86.09 juu. Kitabu kinavumilia uchakavu wa hadi milimita 0.2. Fundi wangu, aliyekuja nami, alikuwa anataka slivu (kuta mpya za silinda) zote sita, "ili tusahau". Mzee akamtazama kwa muda. "Mtu akikohoa humwekei mapafu mapya." Kwa hiyo: kuchora kuta upya kwa mawe ya honi ili ringi mpya zipate pa kushika, ringi za saizi ya kiwanda, basi. Nimekubaliana naye, na siyo kwa sababu ni rahisi tu. Bloku ikishachongwa huwezi kuirudisha, na hii bado ina maisha mawili mbele yake: kuchongwa kwa pistoni kubwa zaidi kwa milimita 0.5, kisha 1.0.

Krenki: vikalio vikubwa (sehemu zinazozunguka ndani ya beringi) vyote saba viko sawa, 54.94 na kuendelea. Vya konrodi vinatakiwa viwe karibu 49.97. Cha nne kimekuwa yai kwa milimita 0.03 na kina mikwaruzo inayoshika ukucha. Uamuzi: vyote sita vichongwe 0.25 chini ya saizi. Mzee hana mashine ya kuchongea krenki siku hizi, kaniambia niipeleke mjini.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Nimeshinda shambani na mama, tumevuna. Nimepewa magunia kumi na moja ya sababu za kuharakisha.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeichukua krenki kutoka kwenye karakana moja hapa mjini ambayo sitaitaja. Inang'aa. Nimelipa, nimeshukuru, nimeipeleka kwa mzee apime kabla ya kufunga. Hakuchukua hata maikromita. Alichukua kijiti cha meno, akakipitisha pale kikalio kinapokutana na ukuta wa krenki, akanipa mimi nifanye vile vile.

Kijiti kilikwama kwenye kona. Kona kali, nyuzi tisini, kama pembe ya sanduku.

Kiwandani pale pana mkunjo laini, kama shingo ya chungu inavyoungana na tumbo. Karakana ilitumia jiwe lenye ukingo mkali likaula mkunjo wote. Mzee kaniuliza, "Muwa unaukataje kwa mkono?" Unautia alama ya kisu, kisha unauvunja gotini. Ndiyo hivyo hivyo: nguvu zote za kupinda zinajikusanya kwenye ile alama, na siku moja, mlima wowote, krenki inakatika vipande viwili. Saizi yenyewe ilikuwa sahihi kabisa. Ndiyo maana naandika kwa kirefu: ningepima kwa maikromita peke yake ningeridhika.

Nimerudi karakana. Kijana wa mashine kasema, "Hivyo ndivyo tunavyochonga zote." Sikuwa na la kumjibu. Fedha haikurudi.

Beringi za 0.25 nilikuwa nimeshazilipia.

Alhamisi, 17 Julai

Iringa, kwa basi la alfajiri. Kuna fundi ambaye mzee anamwamini. Krenki ina zaidi ya kilo ishirini, nimeifunga blanketi na kamba, nimeisimamisha kati ya magoti yangu kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Konda alitaka ailaze kwenye buti chini ya magunia ya viazi. Krenki ndefu ya silinda sita hailazwi hovyo, inasimamishwa au inaning'inizwa, la sivyo inaweza kujipinda. Nikalipia siti ya pili. Kuanzia Mafinga, kwenye misonobari ya Sao Hill, abiria wa upande wa pili aliuliza kwa upole kama ni mashine ya kusaga. Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi.

Fundi wa Iringa amechonga 0.50, na kabla ya kuanza amenionyesha jiwe lake lilivyoviringishwa pembe. Nikasimama pale mpaka mwisho. Kijiti cha meno kikateleza kwenye kona zote kumi na mbili bila kukwama.

Jumamosi, 26 Julai

Hedi. Rula ya chuma na geji ya majani imeonyesha imejipinda milimita 0.12, kikomo ni 0.1. Imeskimiwa, yaani uso wake umenyooshwa kwa mashine, kidogo sana, milimita 0.15. Ukiskimu hedi ya injini ya cheni, kamshafti inashuka kuelekea krenki, cheni inalegea kidogo na majira ya valvu yanachelewa. Wajapani waliliona hilo: gia ya kamshafti ya L ina mashimo matatu ya pini, ukihamia shimo la pili unairudisha kamshafti mbele. Tutaona kama tutalihitaji.

Valvu nimezisaga mwenyewe kwa unga wa kusagia na kijiti chenye mpira, jioni mbili. Sauti inabadilika: inaanza kama mchanga, inaishia kama karatasi. Halafu hedi nimeigeuza, nikamimina mafuta ya taa kwenye vyumba vyote sita, nikaenda kula. Niliporudi, vitano vikavu upande wa chini, kimoja kinatoa machozi. Nimekisaga tena.

Jumamosi, 2 Agosti

Chini kunafungwa. Kuna uzi laini wa plastiki unaolazwa juu ya kikalio, unakaza kofia ya beringi kwa nguvu kamili, unaifungua, na upana wa uzi uliobanwa unakuambia nafasi iliyobaki kwa oili. Beringi kubwa: 0.04 hadi 0.05, safi. Konrodi: 0.045 zote isipokuwa ya pili, 0.05. Sijawahi kufurahia utepe wa plastiki namna hii.

Toki renchi ni ya kuazima na inatakiwa kurudi Jumatatu. Kofia zote kubwa na za konrodi tumekaza kilo-mita 5. Mchezo wa krenki mbele na nyuma ni 0.12. Ringi nimezipima moja moja ndani ya silinda zake, pengo la ringi ya juu 0.30, na mbili zilikuwa zimebana ikabidi nizipige tupa. Umeme ulikatika tukiwa kwenye pistoni ya tatu. Tukamalizia kwa tochi za simu, dogo ameshika mbili, moja mdomoni.

Kisha sampu, karai la oili la chini ya injini. Ya Patrol ni ya gari lenye difu la mbele, kwangu haina kazi. Nimechukua sampu ya L24 ya asili pamoja na chujio lake la kunyonyea oili, kwa sababu sampu na chujio lake ni mume na mke, huwezi kumwoza mmoja kwa mwingine. Nimeiosha mara tatu. Mara ya tatu bado ilitoa kipande cha konrodi cha ukubwa wa kucha.

Na silikoni: nimemnyang'anya fundi. Anaipaka kama siagi kwenye mkate. Inayotokea ndani inakatika na kuishia kwenye chujio la oili. Gasketi zipo, zitumike gasketi.

Jumamosi, 9 Agosti

Gasketi ya hedi ilifika jana usiku, basi limekaa saa mbili kwenye foleni ya Nanenane pale Uyole. Leo hedi imekaa. Kukaza ni kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu, kilo-mita 4, 6, kisha 8. Alama ya cheni imeangukia sawa na shimo la kwanza la gia, kwa hiyo la pili tunaliwekea akiba.

Sasa kituko. Mti unaoendesha pampu ya oili ndio huo huo unaoendesha distribyuta, na ukiuingiza kutoka chini, mfereji wa juu lazima usimame kama mshale wa saa unaoonyesha 11:25, nusu ndogo ya mwezi ikitazama mbele, pistoni ya kwanza ikiwa juu. Nikamsomea dogo kitabu kwa sauti: "Kumi na moja na dakika ishirini na tano." Dogo, Mswahili kamili, akaiweka ya jioni. Saa kumi na moja na dakika ishirini na tano, mishale yote miwili iko chini inaelekea kwenye tano. Alikuwa sahihi kabisa, na mti ulikuwa umekosewa kabisa. Kwa saa yetu ilipaswa kuwa saa tano na dakika ishirini na tano asubuhi. Tukachomoa pampu, tukaanza upya. Mzee wa Iyunga amecheka hadi akakohoa, halafu kasema "ndaga fijo", asante sana ya Kinyakyusa, sijui kunishukuru au kunisikitikia.

Tapeti (nafasi kati ya kamshafti na roka) kwa baridi: 0.20 za kuingiza, 0.25 za ekzosi.

Jumamosi, 16 Agosti

Tumeijaribu chini, juu ya fremu ya vyuma vya pembe tuliyochomelea, rejeta ya Canter imefungwa mbele kwa waya, petroli kwenye galoni ya lita tano inayoning'inia kwenye paa. Kabureta ni zile mbili za Hitachi za gari lenyewe.

Pampu ya oili ilijazwa oili kwa mkono kabla ya kufungwa. Plagi zikiwa nje, dogo alipiga starta sekunde kumi, akapumzika, akapiga tena. Mara ya tatu mshale wa presha ukanyanyuka. Hapo ndipo tulipoweka plagi na nyaya, 1-5-3-6-2-4, nimeandika kwenye utepe mweupe nikabandika kwenye kifuniko.

Iliwaka mara ya pili, ikazima. Iliwaka tena ikakaa, moshi wa buluu ukajaa banda, mama akatoka jikoni akidhani tunachoma kitu. Presha ya oili psi 55 ikiwa baridi. Mchanganyiko ulikuwa mzito sana, plagi nyeusi kama masizi, kama ilivyotarajiwa kwa hewa ya huku; tumepunguza petroli mara mbili kwa kupandisha nati za chini ya kabureta. Dakika ishirini kwa mizunguko 2000, halafu kupumzika hadi kupoa kabisa, kukaza hedi tena, tapeti tena: 0.25 na 0.30 ikiwa ya moto.

Pampu ya maji inavuja tone moja kila nusu dakika. Hiyo nitainunua mpya.

Kompresheni baada ya kupoa: 136, 138, 135, 137, 134, 137. Ringi bado hazijakaa. Ya nne nimeipima mara mbili.

Jumamosi, 23 Agosti

Flaiwili imeskimiwa, bushi ndogo ya mwisho wa krenki inayoshika shafti ya giaboksi imebadilishwa, pampu mpya ya maji haivuji. Bado diski ya klachi tu, ipo njiani kutoka Dar. Cheni bloku ya kunyanyulia injini imeshafungwa kwenye mwembe wa nyuma, karibu na Z. Sikutaka ifungwe kwenye boriti ya paa.

Mama amefika na vijana wawili na ufagio. Magunia kumi na moja yako nje kwenye turubai. Nimemwomba siku mbili.

"Itolewe tu," kasema. "Iweke chini ya mwembe, uifunike. Mahindi hayasubiri klachi."

Tumeisukuma nje juu ya fremu yake, wanne, imefungwa turubai ile ile iliyokuja nayo.